Mzinga wa Königsberg ulioko Pretoria: tuuombe urudi Rufiji au tuache?

Wadau, hili swala limekua likizungushwa sana na kila mtu anavuta kwake, naomba tulijadili kwa utulivu.

Kwa wasioijua hii manowari: Königsberg ilikua ya Wajerumani, ikafika Dar es Salaam Juni 1914, wenyeji wakaiita manowari ya bomba tatu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza ikakamata meli ya Waingereza, City of Winchester, kule upande wa Oman, halafu alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikaivamia Pegasus, manowari ya Waingereza, pale bandarini Zanzibar ikiwa inatengenezwa mitambo, mizinga ya Pegasus ilikua haifiki mbali kama ya Mjerumani kwa hiyo ikapigwa bila makombora yake kumfikia adui, wakafa watu 38. Baada ya hapo Königsberg nayo mitambo ikagoma, ikajificha kwenye delta ya Rufiji upande wa Salale, na vyuma vya injini vikabebwa na watu kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar na kurudishwa! Waingereza wakaifungia humo miezi, wakaiteka Mafia, wakaleta ndege, wakaleta na manowari mbili zinazoweza kupita maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, ndo tarehe 11 Julai 1915 kapteni Looff akaamua kuizamisha mwenyewe.

Sasa hapa ndo penyewe. Maji yalikua ya kina kifupi, mizinga yote 10 ikaopolewa, ikafungwa magurudumu ikawa ya nchi kavu. Mmoja ukapandishwa kwenye meli ya Wajerumani Götzen, ziwa Tanganyika (ndo Liemba hiyo hiyo mnayoijua), mingine ikaburutwa na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, Kondoa, Mahiwa, kote huko. Iliburutwa na nani? Wapagazi, mamia kwa mzinga mmoja, kwa kamba, kwenye matope na milima, na wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu tu. Tani na tani za chuma cha Mjerumani zimepita kwenye mabega ya babu zetu na hakuna hata jina moja lililoandikwa popote kwenye ule mzinga.

Kuna wanaosema ni mali ya Mjerumani, haituhusu. Mimi sikubali kabisa, chuma ni cha Mjerumani sawa ila jasho sio lake. Kuna wanaosema basi tudai na mzinga mwingine wa Königsberg ulioko Fort Jesus, hapo pia nakataa, ule uache Mombasa, umewekwa pamoja na mzinga wa Pegasus kwa hiyo mtu anaziona meli zote mbili mahali pamoja, halafu Wakenya nao walichukuliwa kwa maelfu kwenda kubeba mizigo ya Mwingereza vita hiyo hiyo, nao ni wafiwa kama sisi. Ila wa Pretoria ni nyara tu, uko kwenye bustani za Union Buildings, majengo ya serikali ya Afrika Kusini, jeshi la Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Mwingereza, liliuchukua huku kwetu na kule hauna ndugu.

Hoja inayonipa shida ni ya wale wanaouliza, ukirudi utakaa wapi? Maana mabaki ya meli yenyewe yalikatwakatwa yakauzwa chuma chakavu miaka ya 1960, tena tukiwa tumeshajitawala, inauma kusema lakini ndo ukweli. Na delta yenyewe ni mikoko na boti, mgeni hafiki kirahisi. Wengine wanataka uletwe makumbusho ya Dar wakae nao huko. Mimi naona hapana, Dar tayari tuna sanamu ya Askari, na ile iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kwa watu waliokua upande wao, wapagazi wa upande wa Mjerumani hawakuwekewa kitu. Bora ukae Kibiti barabarani, kwenye njia ya kwenda Lindi na Mtwara ambako watu wanapita kila siku, na liwekwe bango la Kiswahili linaloanza na wapagazi, Looff na Lettow-Vorbeck waje chini.

Nyie wa Kibiti, Utete na Mafia naomba muanze kuchangia, kuna wazee waliosimuliwa na wazazi wao habari za kuburuta ile mizinga? Na mngetaka uwekwe Kibiti mjini au huko huko Salale?