Volani ya kilo mia kwenye mashine ya kusagia: itasaidia, au ni uzito wa bure?

Wa_Katuba
Jambo bafundi. Niko Lubumbashi. Nina mashine ya kusagia mahindi, ile ya nyundo. Inavutwa kwa mkanda na moteri ya mazuti (dizeli) ya silinda moja, mizunguko 900 kwa dakika. Mahindi yakiingia kwa fungu, moteri inazama na kutoa moshi mweusi. Kwenye vyuma chakavu kuna volani (gurudumu zito la kuhifadhi mwendo) ya fonti, yaani chuma cha kumimina, sahani nzima, kipenyo sm 60, unene sm 5. Nikiifunga itasaidia? Na usiku moteri ikizimwa, inaweza kuzungusha alterneta na kuwasha balbu za wati 50 kwa saa moja?

Fundi_Kampemba
Balbu: hapana. Sahani hiyo ina kilo 102 hivi. Momenti ya inesha, yaani ugumu wa kitu kubadilishwa mzunguko wake, kwa sahani nzima ni nusu ya uzito mara nusu-kipenyo kipeo cha pili: 0.5 × 102 × 0.09 = 4.6 kg·m². Mizunguko 900 ni rediani 94 kwa sekunde, kwa hiyo nishati ni 0.5 × 4.6 × 94², karibu jouli 20,000. Hiyo ni wati-saa 5.7 tu. Betri ya volti 12, Ah 100, inabeba 1,200.

Tena huwezi kuitoa yote. Kasi ikishuka asilimia 20 umeshatumia asilimia 36 ya nishati, na alterneta nyingi hapo zimeanza kulegea. Toa na hasara za mkanda na alterneta, unabaki na dakika moja na nusu ya mwanga. Nunua betri, ndugu.

Kwa fungu la mahindi ni habari nyingine. Ukikubali kasi ishuke kutoka 900 hadi 810, volani inatoa jouli 3,900: kilowati 4 za ziada kwa sekunde moja. Fungu likipita, moteri inairudishia polepole. Ila kama moteri inazama muda wote, si kwa mafungu, basi ni ndogo kwa kazi hiyo na volani haitaongeza nguvu hata kidogo. Anza kwa kurekebisha mlango wa mahindi, hautagharimu kitu.

Wa_Katuba
Asante. Shafti ya mashine yenyewe inakwenda 3,000. Nikiifunga huko si nitapata nishati mara kumi na moja?

Mkerezaji
Utaipata, pamoja na mauti. Ukingo wake utakwenda mita 94 kwa sekunde. Kwa fonti mafundi wa zamani walikomea mita 30 hivi, na msongo, yaani nguvu inayovuta chuma kipasuke, unakua kwa kipeo cha pili cha kasi. Fonti haipindi kwanza ikakuonya. Inapasuka, na vipande vinatoboa ukuta. Kwenye moteri, kwa 900, ukingo uko mita 28. Kaa hapo, na regileta (kidhibiti cha kasi) ya moteri isiguswe.

Kabla ya kulipa, igonge kwa nyundo ndogo ikiwa imening'inizwa: ilie kama kengele. Ikitoa sauti butu, iache. Kisha ipake petroli ya taa, ipanguse ikauke, upake chaki: ufa utajichora wenyewe, hasa kwenye kona za njia ya klaveti, kile kipande cha chuma kinachoifunga kwenye shafti.

Kupima inesha bila kuamini hesabu: iweke kwenye shafti ya mm 60 juu ya beringi, zungushia kamba, ning'iniza kilo 10, ihesabie muda wa kushuka mita moja. Kwa sahani hii ni sekunde 10 hivi. Kwanza tafuta uzito mdogo unaoizungusha kwa mwendo usiobadilika. Huo ni wa msuguano, uongeze juu ya zile kilo 10. Ukiusahau, inesha itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kuisawazisha: ikiwa kwenye shafti, iache itulie juu ya vyuma viwili vilivyosawazishwa kwa pimamaji. Upande unaorudi chini daima ndio mzito. Toboa huko kidogo kidogo. Usichomelee uzito upande mwepesi, fonti inapasuka pembeni ya mchomo. Gramu 50 zikibaki ukingoni zinavuta kama kilo 13 kwa mizunguko 900, na beringi ndiyo italipa.

Fundi_Kampemba
Na uache mkanda. Usiunganishe shafti kwa shafti: jiwe likikwama kwenye nyundo, mkanda utateleza, lakini shafti ngumu itakata klaveti au kuvunja nyundo. Washa moteri mkanda ukiwa umelegezwa. Funika volani kwa bati la mm 3 angalau, na mwambie kijana wa kazi kwamba ukizima, inaendelea kuzunguka dakika kadhaa.