Kipandikizi cha ubongo: aulize nini kabla ya kusaini?

Mwanjelwa: Wakuu, aliyepooza akialikwa kwenye jaribio la kipandikizi cha ubongo (kifaa kinachosoma ishara za ubongo na kuzipeleka kwenye kompyuta), aulize nini?

Kalenga: Kwanza nyuzi za kifaa zinazoingizwa kwenye ubongo. Kampuni ya Neuralink walimpandikizia mtu wa kwanza Januari 2024: nyuzi 64, elektrodi (vinasa ishara) 1,024. Wiki chache baadaye nyuzi kadhaa zikachomoka kwenye ubongo, mawasiliano na kompyuta yakadorora. Umma ukaambiwa Mei! Basi adai kwa maandishi: hitilafu zitatangazwa lini, na wapi.

Tukuyu: Nyongeza mkuu, nani atalipia kukitoa kipandikizi? Kampuni ya Second Sight walipoyumba 2020, waliowekewa vifaa vyao vya macho waliachwa solemba. Aulizie na MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), kifaa kikiwa kichwani anaweza kukataliwa kipimo.

Kalenga: Kabisa. Jaribio likifanyika hapa Tanzania, aonyeshwe kibali cha NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), siyo fomu tupu.