Spika zinanyamaza nikichomeka hedifoni, lakini hedifoni hazitoi sauti (Ubuntu 22.04)

Muuliza swali
Ndugu wanajukwaa, ninatumia kompyuta mpakato yenye Ubuntu 22.04 na kadi ya sauti ya Realtek. Spika zake zinalia vizuri, ila nikichomeka hedifoni zinanyamaza, na hedifoni nazo hazitoi chochote. Kwenye simu hedifoni hizo zinasikika bila shida. Je, nimpelekee fundi abadilishe tundu?

Mchangiaji wa kwanza
Usimpelekee kwanza. Ndani ya tundu la milimita 3.5 mna swichi ndogo inayoguswa na pini, na spika huzimwa pale kadi inapopata taarifa ya swichi hiyo. Kwa hiyo kama spika zinanyamaza, pini imetambuliwa, na kinachokosekana ni sauti yenyewe. Fungua temino (dirisha la kuandikia amri), andika alsamixer, ambayo ni programu ya kurekebisha sauti, kisha bonyeza F6 uchague kadi halisi, kwa sababu ukurasa wa kwanza huonyesha PulseAudio tu, yaani programu inayosimamia sauti juu ya kadi. Safu ya Headphone ikiwa na alama ya MM, imezimwa. Bonyeza M ili isomeke 00, halafu ipandishe kwa mshale.

Muuliza swali
Ahsante. Ilikuwa 00 tayari na nimeipandisha hadi mwisho, bado kimya. Niongeze kwamba kompyuta hii ina Windows pia, na huko hedifoni zinasikika.

Mchangiaji wa pili
Hiyo Windows ndiyo ninayoitilia shaka. Ukitoka humo kwa kuwasha upya, kadi ya sauti haikatiwi umeme, hivyo inaweza kubaki na mipangilio ambayo draiva (programu inayoendesha kadi) ya Linux, yaani ya Ubuntu yako, haikuitarajia. Zima kompyuta kabisa, kisha uiwashe na kuingia Ubuntu moja kwa moja.

Mchangiaji wa tatu
Naafiki. Wengi watakushauri uongeze mstari wa “options snd-hda-intel model=” katika folda ya /etc/modprobe.d ili kuiambia draiva aina ya kompyuta, lakini usinakili thamani ya kompyuta ya mtu mwingine: kila mtengenezaji huunganisha miguu ya kodeki (chipu ya sauti) kwa namna yake, na thamani isiyo yako inaweza kuziua hata spika. Soma kwanza jina la kodeki yako ndani ya /proc/asound/card0.

Muuliza swali
Nimezima kabisa na sauti imetoka. Nikipitia Windows na kuwasha upya, inapotea tena.

Mchangiaji wa pili
Basi tundu ni zima. Kila unapohama kutoka Windows, zima kabisa badala ya kuwasha upya, na uzime pia ile “Fast Startup” (kuwasha kwa haraka) ya Windows, kwa kuwa ikiwa imewashwa kuzima kwa kawaida hakukamiliki.