Nyimbo zipi changamfu za Ireland zinawafaa wapigaji wawili wa ala kavu?

Gitaa Kavu anauliza:

Waungwana, mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Galway. Pamoja na mwenzangu, mwenyeji wa huku anayepiga mandolini (ala ndogo ya nyuzi nane) na kuimba sauti ya kwanza, tumepewa nafasi ya kutumbuiza katika baa moja Jumamosi jioni kwa awamu mbili za dakika 45. Hatuna ngoma wala besi. Nyimbo tunazozimudu vizuri ni za taratibu, kama vile "On Raglan Road" na "The Fields of Athenry", nami nachelea kwamba zitainyamazisha baa badala ya kuiamsha. Naomba ushauri wa nyimbo changamfu ambazo watu wawili wanaweza kuzibeba bila kusikika kama wamepungukiwa, pamoja na namna ya kuzipanga, kwa sababu tukizipiga za kasi mfululizo nahofia zote zitafanana.

Mwitikiaji:

Ndugu yangu, kwa wapigaji wawili uchangamfu hautokani na kasi ya mkono wa gitaa, bali na kazi anayopewa msikilizaji. Watu waliojaa baa ndio ngoma na besi mnazozikosa, kwa hiyo tangulizeni nyimbo ambazo viitikio vyake vinajulikana na kila mtu. "The Wild Rover" una nafasi iliyoachwa wazi ndani ya kiitikio, ambapo watu hupiga makofi au meza bila kuambiwa, ingawa wimbo wenyewe ni wa mapigo matatu na wala hauna haraka. "Whiskey in the Jar", kisa cha mnyang'anyi wa njiani anayemwibia kapteni kisha akasalitiwa na mpenzi wake, unafanya kazi hiyo hiyo, tena una faida ya ziada: wazee wanaujua kupitia The Dubliners, na waliokulia kwenye muziki wa roki wanaujua kupitia Thin Lizzy, walioutoa mwaka 1972, au Metallica, walioutoa mwaka 1998. Ongezeni "The Star of the County Down", ambao kiitikio chake kinazitaja Bantry, Derry, Galway na Dublin, na mtasikia sauti zitakavyopaa mji wenu ukifikiwa.

"The Fields of Athenry" nisingeuondoa. Ni kweli kwamba unahusu njaa kuu ya miaka ya 1840 na mtu anayepelekwa uhamishoni Australia kwa kuiba nafaka, lakini mashabiki huuimba viwanjani kwa maelfu, na mji wenyewe wa Athenry uko katika kaunti hiyo hiyo ya Galway. Unaodai ukimya ni "On Raglan Road", kwa kuwa ni shairi la Patrick Kavanagh na maneno yake yanataka kusikilizwa. Wimbo mmoja wa namna hiyo unatosha kwa usiku mzima, na usiwe katika awamu ya pili.

Nyuzi Nane:

Naafikiana na aliyetangulia kuhusu viitikio, lakini huko kufanana unakokuhofia kunaondolewa na mwendo. Nyimbo za mapigo mawili au manne zikifuatana tatu, sikio huchoka hata kama kila moja ni tamu. "I'll Tell Me Ma", wimbo wa watoto wa Belfast, ni mfupi na mwepesi. Ufuatisheni na wimbo wa mapigo matatu. "The Rocky Road to Dublin" unakwenda 9/8, yaani mapigo matatu, kila moja likigawanyika mara tatu, na simulizi lake la kijana anayetoka Tuam hadi Liverpool limesheheni maneno kiasi kwamba mwimbaji mmoja hukosa pa kuvutia pumzi. Hapo wawili wana nafuu kuliko mmoja: pokezaneni beti, na gitaa lisibadilike sana, ili maneno yasikike.

Mandolini nayo isiwe mtumishi wa sauti usiku kucha. Baada ya wimbo ulio katika ufunguo wa G, unganisheni "The Kesh Jig", muziki wa dansi usio na maneno, bila kusimama, kwa kuwa nayo iko katika G. Jigi, aina hiyo ya dansi, ni 6/8, na wewe uliyekulia Mombasa umeizoea hesabu hiyo katika chakacha. Tofauti ni kwamba katika chakacha mapigo mawili na matatu huvutana, ilhali jigi hukaa imara juu ya mawili, kwa hiyo uuzuie mkono usirudi nyumbani. (Ukirudi kidogo katika marudio ya mwisho, sidhani kama kuna atakayelalamika.) Sauti ikihitaji kupanda, tumia kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye gitaa.

Mkazi wa Cork:

Nyongeza fupi. Nyimbo za uasi dhidi ya Waingereza, kama "Come Out, Ye Black and Tans", ni changamfu kwelikweli na huenda mkaombwa kuziimba, lakini zinaweza kuwagawa watu; mwulizeni mwenye baa mapema. Aidha, "Dirty Old Town", ambao wengi huudhania wa Dublin, uliandikwa na Ewan MacColl kuhusu Salford, Uingereza, na "Galway Girl" uliotoka mwaka 2000 ni wa Mmarekani Steve Earle. Hilo lisiwazuie. Huu wa pili, kwa mlipo, mtauombwa mtake msitake.

Gitaa Kavu:

Nawashukuru nyote. Tumekubaliana kuhusu karibu kila kitu isipokuwa "The Irish Rover": mwenzangu anataka tufungue nao onyesho, nami naona tufunge nao.

Mwitikiaji:

Fungeni nao. Ni hadithi ya uongo mtupu kuhusu meli iliyopakia shehena isiyowezekana, ambayo mwisho wake anabaki msimuliaji peke yake. Kila ubeti unaishia kwa jina la meli, na watu waliokwisha kuchangamka watalidaka. Saa ya kufungua wengi watakuwa bado wanatafuta viti, na utani huo utapotea bure. Anzeni kwa kasi ambayo mwenzako ataweza kuitaja shehena yote bila kumeza neno, kisha muongeze kasi katika ubeti wa mwisho tu, meli inapogonga mwamba.