Mjadala: Msamaha wa pointi 1000 kwa mizigo hatarishi ubaki, ubanwe au ufutwe?

Mleta mada
Wadau, ADR, yaani mkataba wa kusafirisha bidhaa hatarishi kwa barabara uliosainiwa Geneva mwaka 1957, una kifungu 1.1.3.6. Gari lililobeba mzigo kwenye vifungashio (siyo tangi, siyo mzigo wa kumwaga) likiwa halizidi pointi 1000, halidaiwi vibao vya rangi ya chungwa, cheti maalumu cha dereva wala maelekezo ya maandishi ya dharura. Bidhaa zimegawanywa kwenye makundi ya usafirishaji 0 hadi 4, na pointi ni kilo au lita zikizidishwa: kundi la 1 kwa kawaida mara 50, la 2 mara 3, la 3 mara 1. La 4 halihesabiwi, na la 0 halina msamaha kabisa. Ndiyo maana petroli (kundi la 2) ikibebwa peke yake inaishia lita 333, na dizeli (kundi la 3) lita 1000. Mimi nasema kifungu hiki kinapima wingi, hakipimi hatari. Kifutwe.

Karani wa Shehena
Mkuu, umetaja kinachosamehewa ukaruka kinachobaki. Vifungashio lazima viwe vilivyoidhinishwa na vyenye lebo. Hati ya mzigo lazima iwepo, na ionyeshe jumla ya kila kundi. Kizimamoto cha kilo 2 kiwemo, watu wawe wamefundishwa kazi, sigara marufuku, mzigo ufungwe usicheze. Asiyefanya hayo hana msamaha wowote, ni mvunja sheria tu.

Balaa kubwa liko kwenye hesabu. Chukua petroli lita 200 (pointi 600), dizeli lita 300 (300), asetilini kilo 8 (24) na mtungi mmoja wa oksijeni wa lita 50 (50). Jumla 974, gari linapita. Ongeza mtungi wa pili wa oksijeni, inakuwa 1024, na hapo masharti yote yanaamka kwa mzigo mzima, siyo kwa huo mtungi wa ziada. Wengi hukosea kwa sababu oksijeni huihesabu kwa kilo za gesi, wakati gesi iliyoshindiliwa huhesabiwa kwa ujazo wa mtungi wenyewe, kana kwamba umejazwa maji. Asetilini ndiyo ya kilo.

Fundi Mitungi
Karani, mfano wako ndio unaombeba mleta mada. Tazama hizo pointi 24 za asetilini. Gesi hiyo inaanza kushika moto ikifika asilimia 2.5 ya hewa. Bodi ya gari dogo lililofungwa ikiwa na mita za ujazo 10, unahitaji lita 250 za gesi, ambazo hazifiki gramu 300. Mtungi una kilo 8! Valvu isiyokazwa vizuri, au kichwa cha kupunguza mgandamizo kilichoachwa kimefungwa kwenye mtungi safari nzima, vinatosha kabisa gari likilala limefungwa usiku. Asubuhi mtu anabonyeza rimoti, mota za milango zinapiga cheche, au taa ya ndani inawaka. Pointi hazikusema lolote.

Hata hivyo kufuta sikubali. Kinachovuja ni kanuni ya upenyo wa hewa, CV36. Inataka mitungi ya gesi, ikiwezekana, ipakiwe kwenye gari la wazi au lenye matundu. Halafu inaongeza: isipowezekana, zuia hewa isipite kati ya mzigo na dereva, andika onyo mlangoni kwa herufi za angalau milimita 25, endelea. Hiyo "isipowezekana" nani anaithibitisha? Iondolewe kwa gesi zinazowaka. Matundu yawe juu na chini, maana propani hutuama sakafuni na asetilini ni nyepesi kidogo kuliko hewa.

Bodi Ndefu
Mnabishana kuhusu mitungi miwili huku tembo anapita. Kuna msamaha mwingine, wa vifungashio vidogo. Asetoni kwenye chupa za lita 1, boksi lisizidi kilo 30, au trei ya nailoni isiyozidi kilo 20, haiingii kwenye hesabu ya pointi kabisa. Na hakuna kikomo cha jumla kwenye lori! Lori la zaidi ya tani 12 linadaiwa alama ya almasi yenye ncha nyeusi pale tu mzigo huo unapozidi tani 8. Beba tani 7 na nusu, bodi inabaki bila alama, na dereva hahitaji cheti. Zimamoto wakifika wanaona lori la kawaida.

Karani wa Shehena
Mantiki yake ni kwamba chupa ikivunjika inamwagika lita moja. Kwa kuanguka au kugongana kidogo, ni sahihi. Kwa moto, nakubali, chupa elfu saba ni sawa na tangi dogo. Hapo mkisema alama ianze tani 1, mimi sina ubishi.

Fundi Betri
Msisahau lithiamu. Betri ya hadi wati-saa 100 ikifungwa kwa masharti yake haina pointi. Ikiharibika kiasi cha kuweza kulipuka au kuwaka, inarukia kundi la 0. Tatizo ni nani anayeamua kuwa hii iliyovimba ni ya kundi la 0. Mara nyingi ni mpakiaji, kwa macho.

Mleta mada
Basi nalegeza kamba: pointi zibaki, ila gesi inayowaka ndani ya bodi isiyo na matundu ikose msamaha hata ikiwa mtungi mmoja.

Karani wa Shehena
Ukimnyima msamaha, fundi bomba mwenye mtungi mmoja atadaiwa kozi na mtihani, cheti cha miaka 5, vibao, vizimamoto viwili, kabari ya tairi na tochi. Wengi watafunika mtungi kwa turubai na kuacha hati nyumbani. Leo angalau hati ipo.

Fundi Mitungi
Si lazima adaiwe vyote hivyo. Akitoboa matundu, msamaha wake unabaki. Ni kazi ya drili na wavu wa chuma.

Bodi Ndefu
Matundu ya ukubwa gani? CV36 haitoi kipimo. Bila namba, mkaguzi barabarani atakubali tundu la msumari.