Kwa nini tamthilia haziwaachi mwanamume na mwanamke wakawa marafiki tu?

Mleta mada, Sakina, Arusha
Wadau, habari za jioni. Nina saluni ya kike, na tivii haizimwi mpaka tunafunga. Zinapita za Kituruki, za Kifilipino, za kwetu. Kote rafiki ana kazi mbili tu. Akiwa shoga wa mhusika mkuu, kabla ya sehemu ya 20 atakuwa kamchukua mume au kaenda kwa mganga. Akiwa mwanamume, mvua itawakuta njiani, atavua koti amfunike, na urafiki umeishia hapo. Urafiki umegeuzwa stendi, watu wanashuka kubadilisha basi. Wateja wangu wakiona kaka anamsaidia dada kubeba ndoo tu: "Huyo anamtaka." Na wanapatia, maana ndivyo ilivyoandikwa!

Ubaya wake unakuja mtaani. Katibu wa kikoba chetu ni mwanamume. Nikimpigia saa mbili usiku kuuliza marejesho, mkewe ndiye anapokea, tena kwa sauti ile mnayoijua. Nasema waandishi wana mchango wao katika hili. Mnaonaje?

Mdau, Majengo, Moshi
Dada, tivii unaionea. Wanaandika wanachokiona. Mwaka 1989 ilitoka When Harry Met Sally: Harry anamwambia Sally kwamba mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki, na mwisho wa filamu wameoana. Watu waliipenda mpaka leo. Nani atalipia king'amuzi aangalie watu wawili wanakunywa chai sehemu mia?

Mdau, Njiro
Mangi, wapo waliolipia. Elementary ya Marekani ilirushwa 2012 hadi 2019, misimu 7. Sherlock Holmes na Joan Watson, aliyeigizwa na Lucy Liu, wanaishi nyumba moja, wanagombana, wanaokoana, na hawakuwa wapenzi hata siku moja. Harry Potter na Hermione nao vitabu 7 vizima ni marafiki. Ingawa 2014 yakatoka mahojiano ya J.K. Rowling akisema kwa namna fulani Hermione angemfaa zaidi Harry. Hata mwenye kitabu kishawishi kilimkuta!

Mdau, Ngarenaro
Wanaotia sauti za Kiswahili mbona mmewaacha? Nimekulia kwenye vibanda umiza. Askari wa kike na mwenzake wanakimbiza jambazi, hawana habari na mapenzi, mtafsiri anaweka "baby nifuate, nitakuoa". Kibanda kizima kinacheka. Hiyo chumvi ni yetu, Hollywood haihusiki.

Mdau, Ngaramtoni
Mnazungumzia mke na mume tu. Wanaume wawili je? Huku wazee wa rika moja wanatembea wameshikana mikono sokoni na hakuna anayegeuka kuangalia. Vijana wetu sasa wanaona soni, kwa sababu kwenye muvi wanaume wawili wakigusana ama wanapigana ama ni wapenzi. Mimi hili ndilo linaloniuma kuliko la katibu wa kikoba, dada unisamehe.

Mdau, Same (niko Moshi kikazi)
Sisi Wapare na Wachaga ni watani. Mama yangu alikuwa anatukanana na mtani wake wa kiume mpaka msibani, anamdai shuka la marehemu, waombolezaji wanacheka na machozi yao. Baba hakuwahi kununa. Hayo ni maneno yaliyokwisha tungwa, yanasubiri kamera tu, na sijaona tamthilia iliyoyachukua.

Mdau, Majengo, Moshi
Utani una mipaka yake, kila mtu anaijua. Urafiki wa siku hizi wa kuchati saa sita usiku mpaka wake ni upi? Mwandishi anauliza swali ambalo hata mke wa katibu anajiuliza. Mimi ningekuwa yeye ningepokea hiyo simu.

Mleta mada
Mangi, saa mbili si saa sita, usinisogezee saa. Hoja ya soko nayo bado naikataa: watu hawaangalii busu, wanaangalia kujua nani atamgeuka nani, na hilo kikoba kinalo tele. Andikeni basi: katibu wa kiume, mweka hazina wa kike, sanduku lina funguo tatu, siku ya kuvunja hela hazipo. Mwizi mtamchagua wenyewe, ila hao wawili wasilale pamoja. Mkiweza sehemu 10 tu, saluni yangu nzima itaangalia.