Kipima maji mtaroni na taarifa za wananchi: vinaungana vipi?

Mtaro_Sebleni: Assalaam alaykum wajuzi. Masika tunataka shehia yetu (mtaa unaosimamiwa na sheha) ipate onyo kabla maji hayajaingia majumbani. Kipima-kina cha mawimbi ya sauti, kinachopima kwa mwangwi umbali hadi kwenye maji, kinatosha, au tutegemee kundi la WhatsApp?

Fundi_Bodi: Waalaykum salaam. Vyote viwili. Kipima kifungwe chini ya daraja, angalau sentimita 50 juu ya maji ya juu kabisa mnayoyajua. Vile vya bei nafuu havisomi kitu kilicho karibu zaidi ya kama sentimita 25. Chukua vipimo vitano, vipange kwa ukubwa, tumia cha kati, maana mfuko wa plastiki unaoelea husomeka kama maji yamepanda. Kinachowashinda wengi ni umeme: moduli ya simu ya 2G, kile kifaa kinachotuma vipimo kwa mtandao wa simu, huweza kuvuta ampea 2 inapotuma, volti zikashuka, bodi ya saketi inayoendesha kipima ikajizima na kuwaka upya. Weka kapasita (kijenzi kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 1000 karibu na moduli.

Ramani_Unguja: Kundi bila utaratibu ni kelele tu. Kila taarifa iwe na mahali, saa, picha, na kina kwa mwili wa mtu mzima: kifundo, goti, kiuno. "Maji mengi" haimsaidii mtu. Taarifa mbili za watu tofauti, au moja pamoja na kipima, ndipo sheha atangaze, na msikitini pia, kwani wazee wengi hawana simu janja. Mabonde yanakokusanyika maji yatafuteni kwenye picha za droni za mradi wa ramani ya Zanzibar ulioanza 2016, ila mkague kwa miguu: nyumba zimeongezeka.